Pete Si Ustadi

Nchini Marekani kuna mabishano yasiyo na msimu. Theluji ianguke au jua liwake, ligi iwe inachezwa au imekwisha, watu wazima wenye akili timamu watagombana juu ya swali moja: kati ya makwotabeki wote waliowahi kucheza futiboli ya kulipwa ya nchi ile, nani fundi kuliko wenzake? Yatatajwa majina matano, kumi, ishirini, yatapangwa kama vipandio vya ngazi, na kabla hoja haijakomaa atainuka mmoja aseme kwa sauti ya hakimu, "Hesabu pete." Hapo wengi hunyamaza, kana kwamba limesomwa andiko takatifu.

Mimi sinyamazi. Nasema kwamba kuhesabu pete si kupima ustadi wa mtu. Ni kupima kitu kingine, kikubwa na cha heshima, lakini si hicho tulichoulizwa. Na nasema zaidi ya hapo: uvivu huu wa kupima si mzaha wa watu walioshiba. Mahali pasipo na kipimo cha haki, chuki hujitengenezea kipimo chake, na katika mchezo huu ilifanya hivyo kwa miaka mingi, ikawanyima watu kazi waliyoiweza.

Kwa faida ya msomaji aliyelelewa na soka, nieleze kidogo. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande, kwa mpira wenye ncha mbili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 mbele. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuuingiza mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni, na thamani yake ni pointi 6. Kwotabeki ndiye anayeukabidhiwa mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Mbele yake husimama wanaume watano wenye miili kama viboko, ambao kazi yao ni kuwazuia maadui wasimfikie. Yeye ana kama sekunde tatu, mara nyingi pungufu, za kutazama uwanja, kumtambua mwenzake aliye huru, na kuutupa mpira kwa mkono mahali ambapo mwenzake huyo atakuwa, si mahali alipo.

Msomaji ashike jambo moja hapa, kwa maana ndilo msingi wa hoja yangu yote. Kwotabeki hashiriki katika ulinzi. Wapinzani wanapokuwa na mpira, yeye huketi benchi na kofia yake ya chuma mkononi, akitazama kama sisi tunavyotazama. Wanaocheza wakati huo ni watu wengine kumi na mmoja kabisa. Basi nusu ya mchezo humpita akiwa amekaa.

Mwishoni mwa kila msimu wa ligi ya NFL huchezwa fainali iitwayo Super Bowl. Klabu inayoshinda huwavisha watu wake pete nzito zenye vito. Huvishwa kwotabeki, huvishwa walinzi, huvishwa makocha, na kwotabeki wa akiba ambaye huenda hakuugusa mpira msimu mzima naye huvishwa. Ndizo pete tunazoambiwa tuzihesabu ili tujue ustadi wa mkono wa mtu mmoja.

Natoa ushahidi, na wa kwanza ni Peyton Manning. Msimu wa 2013, akiwa na klabu ya Denver, alitupa pasi za jumla ya yadi 5,477 na tachidauni 55. Hakuna kwotabeki aliyewahi kufikisha tachidauni nyingi kiasi hicho kwa msimu mmoja kabla yake. Februari 2014 akaingia fainali dhidi ya Seattle, akafungwa 43 kwa 8. Pete hakuna. Miaka miwili baadaye mwili ulikuwa umechoka. Katika msimu wa 2015 alitupa tachidauni 9 tu, na pasi zake 17 zikanyakuliwa na wapinzani. Kuna wakati aliwekwa benchi. Lakini Denver ilikuwa na kikosi cha ulinzi cha kutisha, na Februari 2016 kikosi hicho kiliisaga Carolina, 24 kwa 10. Usiku ule Manning hakutupa tachidauni hata moja, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwa mlinzi, Von Miller. Manning akavishwa pete.

Nawauliza wahesabu pete: mtu huyu alikuwa fundi zaidi mwaka gani? Mkisema 2013, mmeitupa kanuni yenu. Mkisema 2015, mmeyatupa macho yenu. Ni mtu yuleyule, katika klabu ileile. Ubora wake ulipopanda pete ilimkimbia, na uliposhuka pete ikamfuata.

Ushahidi wa pili ni Trent Dilfer. Januari 2001 aliiongoza Baltimore kushinda Super Bowl kwa 34 kwa 7. Baltimore ya msimu ule iliruhusu pointi 165 tu katika michezo 16, na mchezaji bora wa fainali alikuwa mlinzi Ray Lewis. Dilfer mwenyewe alifanya alichoagizwa: asiuharibu mchezo. Je, klabu yake ilimwonaje? Kabla ya msimu uliofuata walikwisha kumwacha aende zake, wakamtafuta kwotabeki mwingine. Wenye klabu, waliokuwa karibu naye kuliko sisi sote, walijua kwamba pete na ustadi ni vitu viwili.

Ushahidi wa tatu nautoa nyumbani kwa wahesabu pete wenyewe, kwa Tom Brady, mwenye pete 7, ambaye jina lake ndilo wanalolipiga kama ngoma. Katika fainali yake ya kwanza, Februari 2002, Brady alitupa yadi 145 tu, na ushindi ukapatikana kwa teke la yadi 48 la Adam Vinatieri wakati wa mchezo ukimalizika. Pete ikapatikana. Februari 2015, Seattle ilikuwa yadi 1 tu kutoka kwenye tachidauni ya ushindi, Brady ameketi benchi hana la kufanya, ndipo kijana mmoja wa ulinzi aitwaye Malcolm Butler alipoinyakua pasi ya mwisho. Pete ikapatikana. Februari 2018 Brady alitupa yadi 505, ambazo hakuna aliyekuwa amezifikia katika fainali yoyote. Kikosi chake cha ulinzi kikaruhusu pointi 41, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hesabu ya pete, usiku wa yadi 145 ni ushindi wa ustadi, na usiku wa yadi 505 ni sifuri. Hesabu gani hiyo?

Jirani yangu mmoja, fundi magari, huniambia kila tunapobishana: "Mshindi ni mshindi, bwana." Nami humwuliza: injini iliyokufa ikishushwa na mafundi wanne siku tatu, wewe ukaja jioni ukafunga plagi, gari likawaka mkononi mwako, utajiita fundi kuliko wale wanne? Hucheka, halafu hurudia kwamba mshindi ni mshindi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Anayeona chombo kikielea akamsifu nahodha peke yake hajawahi kuingia kiwandani.

Anayeumizwa zaidi na kanuni hii ni Dan Marino wa Miami. Mwaka 1984, akiwa katika msimu wake wa pili tu, alitupa yadi 5,084 na tachidauni 48. Rekodi ya tachidauni kabla yake ilikuwa 36. Haikuvunjwa kidogo, ilirukwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu: mpira ulikwisha kuondoka kabla mlinzi hajainua wake. Alicheza misimu 17, na katika misimu yote hiyo Miami ilipata mara moja tu, mwaka 1996, mkimbiaji wa kuvuka yadi 1,000 kwa msimu. Alifika fainali mara moja, Januari 1985, akafungwa na San Francisco 38 kwa 16, hakurudi tena. Basi husikika watu wakimweka chini ya makwotabeki ambao hawakuwa na nusu ya mkono wake, kwa kuwa vidole vyao vina pete na vyake havina.

Sisi wapenzi wa soka tunapaswa kuliona kosa hili haraka kuliko wengine. George Weah wa Liberia hakuwahi kucheza Kombe la Dunia, maana nchi yake haikuwahi kufuzu. Mwaka 1995 alichaguliwa mchezaji bora wa dunia. Nani kati yetu angethubutu kusimama barazani aseme kwamba Weah alikuwa chini ya kila mchezaji wa akiba aliyewahi kubeba kombe lile? Angezomewa, na angestahili.

Wapo wanaokubali hayo yote, kisha wanakimbilia takwimu wakidhani wamefika nchi kavu. Hawa nao niwaambie neno. NFL ina alama rasmi ya kupima watupaji pasi, iliyoanza kutumika mwaka 1973. Huchanganya vitu vinne: pasi zilizofika, yadi zilizopatikana, tachidauni, na pasi zilizonyakuliwa. Alama ya juu kabisa ni 158.3, tarakimu ambayo haimwambii mtu wa kawaida chochote. Kwotabeki akiupiga mpira chini kila safari, asipate hata yadi moja, atapewa 39.6. Hakupata kitu, lakini amepewa alama! Isitoshe, pasi fupi ya yadi 2 ambayo mpokeaji alikimbia nayo yadi 70 huandikwa yote kwa jina la mtupaji. Pasi nzuri iliyompiga mpokeaji mikononi ikaruka na kunyakuliwa nayo huandikwa kwa jina lake. Mbio zake mwenyewe hazimo. Hiki ni kipimo cha kilichotokea, si kipimo cha nani aliyekifanya kitokee.

Tena nyakati hazilingani. Joe Namath alipovuka yadi 4,000 mwaka 1967, wa kwanza kufanya hivyo, alicheza michezo 14, na walinzi wa siku zile waliruhusiwa kuwasukuma na kuwagonga wapokeaji njia nzima. Mwaka 1978 kanuni zilibadilishwa: mlinzi akakatazwa kumgusa mpokeaji akishavuka yadi 5, na wale wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Mwaka huohuo michezo ya msimu ikawa 16, na tangu 2021 ni 17. Kumweka Namath na kijana wa leo katika orodha moja ya yadi ni kushindanisha mbio za mchangani na mbio za lami, kisha kumcheka wa mchangani kwa kuchelewa.

Sasa atainuka wa upande wa pili kabisa aseme: "Kama pete ni za wote na takwimu ni za wote, basi ustadi wa mtu mmoja hauko, tuache kupanga." La hasha. Hilo nalikataa kwa nguvu ileile. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini kila kidole kina nguvu yake, na anayevijua vidole huweza kusema kipi ni kipi.

Tazama kisa cha Steve Young. Mwaka 1985 na 1986 alianza michezo 19 katika klabu ya Tampa Bay, akashinda 3 na kushindwa 16. Kwa pete alikuwa bure, na kwa takwimu alikuwa bure zaidi. Lakini Bill Walsh, kocha wa San Francisco, hakuhesabu hasara za Tampa. Alimtazama mtu: miguu, mkono, macho. Akamchukua mwaka 1987. Young akaja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1992 na tena 1994, na Januari 1995 akatupa tachidauni 6 katika Super Bowl moja. Mkono uliotupa San Francisco ndio uleule uliotupa Tampa. Ustadi ulikuwapo tangu mwanzo, na mwenye jicho aliuona ukiwa umefunikwa na matope ya timu mbovu.

Basi kupanga kunawezekana, kwa sharti moja: tuulize yale yaliyo mikononi mwa mtu mwenyewe. Je, kabla ya mpira kuanza anausoma ulinzi na kujua hatari itatoka upande gani? Je, maadui wakimkaribia, macho yake yanabaki uwanjani au yanashuka kwa woga? Je, mpira unafika kwa wakati na mahali ambapo mwenzake pekee anaweza kuudaka? Je, mpango ukivunjika, anaweza kuunda mwingine kwa miguu yake? Maswali haya hujibiwa kwa kutazama, jaribio baada ya jaribio. Ni kazi ngumu, ndiyo maana wengi huona afadhali kuhesabu pete.

Mkinibana, sitakwepa. Kwa mkono mtupu, sioni wa kumpita Marino isipokuwa labda Aaron Rodgers, mchezaji bora wa ligi mara 4 mwenye pete moja tu. Kwa kusoma uwanja, Manning na Brady. Kwa kuunda kitu baada ya mpango kuvunjika, Young kwa zama zake, Patrick Mahomes na Lamar Jackson kwa zama hizi. Wala simshushi Brady. Alihamia Tampa Bay mwaka 2020 akiwa na umri ambao wenzake walikwisha kustaafu, akaikuta timu iliyotoka kushinda michezo 7 na kushindwa 9, na Februari 2021, akiwa na miaka 43, wakatwaa ubingwa. Hiyo ni dalili kubwa ya ustadi wake. Lakini hata usiku ule ulinzi wa Tampa uliizuia Kansas City isipate tachidauni hata moja, na Mahomes alikuwa akikimbia kuokoa maisha yake kwa kuwa wakingaji wake wawili wa pembeni walikuwa majeruhi. Nampa Brady sifa zake, ila nazitoa machoni mwake na mkononi mwake, sizitoi kidoleni.

Nimalizie na lile zito nililoahidi. Kwa miaka mingi wenye klabu walikuwa na imani, mara wakiitamka, mara wakiificha, kwamba mtu mweusi ana miguu lakini hana kichwa cha kuongoza. Haikuwa na ushahidi, na haikuuhitaji, kwa sababu hakuna aliyedai kipimo. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mchezo mkubwa wa vyuo, Januari 1978. Miezi michache baadaye klabu za NFL zikachagua vijana wa vyuo katika raundi 12, na katika raundi zote hizo hakuna iliyomtaja. Akaenda Canada, akatwaa ubingwa wa huko mara 5 mfululizo na klabu ya Edmonton, ndipo Houston ilipomwita mwaka 1984. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la mchezo huo, kwotabeki wa kwanza mweusi kuingia humo. Januari 1988 Doug Williams wa Washington alitupa tachidauni 4 katika robo moja tu ya Super Bowl, Washington ikashinda 42 kwa 10. Mtu angedhani kesi imefungwa. Lakini mwaka 2018, miaka 30 baadaye, bado walikuwapo wajuzi waliosema hadharani kwamba Lamar Jackson aache ukwotabeki, awe mpokeaji. Mwaka uliofuata wapiga kura wote, bila kupungua mmoja, wakamchagua mchezaji bora wa ligi.

Mhesabu pete ataniambia kwamba yeye hana ubaguzi, anahesabu tu. Namwamini. Lakini pete hupatikana na aliyepewa nafasi ya kucheza, na nafasi hutolewa na watu wanaodai kuujua ustadi wakiuona. Kipimo chake kinaanza kazi mlango ukishafungwa, na hakina habari na walioachwa nje.

Wa mwisho ni Marlin Briscoe. Mwaka 1968 alikuwa kwotabeki wa Denver, kijana mweusi katika msimu wake wa kwanza, akatupa tachidauni 14. Msimu uliofuata Denver haikumpa tena nafasi. Akaenda Buffalo, wakamfanya mpokeaji pasi, kisha akaenda Miami, nako akawa bingwa katika misimu ya 1972 na 1973. Kwa hiyo Briscoe ana pete mbili, na hakuna hata moja aliyoipata kwa kutupa mpira, kazi aliyoiweza na kunyang'anywa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zihesabuni pete zake, kisha mniambie mmejifunza nini juu ya mkono wake.